Pazia la Mama, Chai ya Muuguzi

Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti waliwahi kuwauliza akina mama swali lile lile mara mbili. Mara ya kwanza waliwakuta wakiruhusiwa kutoka kituoni, mtoto mchanga mikononi. Je, wakati wa kujifungua kuna mhudumu aliyekufokea, aliyekupuuza ulipomwita, aliyekutolea maneno ya kuumiza au aliyekupiga? Asilimia 19 walijibu kwamba walipatwa na angalau jambo moja kati ya hayo. Wiki chache baadaye baadhi yao walifuatwa nyumbani, wakaulizwa tena. Safari hii waliokiri walifika asilimia 28.

Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia. Getini mama ana haraka ya kufika kwake, anashukuru kwamba mtoto yu hai, na anajua atarudi pale pale kwa kliniki. Nani atamsema nesi ambaye atakutana naye tena? Nyumbani, amekaa kwenye mkeka wake, moyo umetulia, ndipo ulimi unapofunguka.

Mradi huo uliitwa Staha. Ulianza mwaka 2011, ukiendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York. Katika miaka hiyo hiyo Kenya ilikuwa na mradi ndugu, Heshima, uliochunguza vituo 13 na kukuta mama mmoja kati ya watano akilalamikia namna alivyotendewa. Wataalamu wa uuguzi wana jina refu la kile ambacho akina mama hawa walikikosa: huduma inayomlenga mgonjwa. Wenye miradi walipotafuta jina fupi litakalowaingia watu, walikuta Kiswahili kinalo tangu zamani.

Maana ya huduma hiyo ni kwamba maamuzi, ratiba na maneno ya wodini yanaanzia kwa mtu aliyelala kitandani. Anaumwa nini, anaogopa nini, ameelewa nini, kwake anaishije, na kati ya yale yanayowezekana yeye anachagua lipi? Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Daktari anajua ugonjwa na muuguzi anajua dawa, lakini mwenye kitanda anajua mambo ambayo hayajaandikwa kwenye faili lolote, na mengine kati ya hayo ndiyo yanayoamua kama atapona.

Haina maana kwamba mgonjwa hupewa kila anachotaka. Anayedai sindano ya malaria ilhali vipimo havioneshi malaria hapewi sindano. Anapewa maelezo, kwa lugha anayoielewa, na nafasi ya kuuliza. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kumlenga mgonjwa na kumtumikia mteja dukani.

Wazo lenyewe si geni. Zaidi ya miaka 160 iliyopita Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari wa vita vya Crimea, aliandika kitabu kidogo cha maelekezo ya uuguzi. Humo alimwonya muuguzi asisimame nyuma ya mgonjwa akiongea naye, bali akae mahali anapoonekana, ili mgonjwa asilazimike kugeuza shingo kwa maumivu. Alionya pia juu ya minong'ono nje ya mlango wa chumba, kwa sababu anayesikia sauti bila kusikia maneno hujaza maneno yake mwenyewe, tena ya kutisha. Yeyote aliyewahi kulazwa akawaona wahudumu watatu wananong'ona huku wanatazama kitanda chake anajua mama huyu alikuwa anasema nini.

Jina la kisasa lilikuja baadaye. Harvey Picker, Mmarekani ambaye kampuni ya familia yake ilitengeneza mashine za eksirei, alimuuguza mkewe kwa miaka mingi. Aliona kwamba matibabu yalikuwa ya kitaalamu kweli kweli, lakini hofu na matakwa ya mgonjwa vilikuwa havina mahali. Mwaka 1986 alianzisha taasisi iliyofanya jambo ambalo hospitali nyingi hazikuwa zimelifikiria: kuwauliza maelfu ya wagonjwa. Haikuwauliza kama wameridhika, kwa sababu mgonjwa mwenye adabu atasema ameridhika. Iliwauliza nini kilitokea. Je, ulielezwa madhara ya dawa? Ulipobonyeza kengele, nani alikuja? Majibu yalipochambuliwa, mambo yale yale yakawa yanarudi: kuheshimiwa, kuelezwa, kutulizwa maumivu na hofu, kushirikishwa kwa ndugu, wahudumu kuwasiliana wao kwa wao, na mgonjwa kutoachwa njiapanda anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliiweka huduma hii inayomlenga mgonjwa kuwa moja ya nguzo sita za huduma bora, sambamba na usalama wa mgonjwa wenyewe.

Huduma ya namna hii huanza na jina. Kate Granger alikuwa daktari wa wazee huko Yorkshire, Uingereza, na alikuwa na saratani isiyopona. Alipolazwa mwaka 2013 alishangaa kuona watu wanamjia kitandani, wanamtoboa, wanamgeuza, wanaondoka, bila kumwambia wao ni nani. Aliyemgusa moyo kwa kujitambulisha na kumjali njiani alikuwa msukuma machela. Basi Granger akaanzisha kampeni yenye ombi moja kwa wahudumu wote: waseme majina yao. Ilienea katika hospitali za Uingereza na nje ya Uingereza. Alifariki Julai 2016, akiwa na miaka 34.

Kwa Waswahili jambo hili lingepaswa kuwa jepesi, maana salamu ndiyo mlango wa mazungumzo yote. Muuguzi wa miaka 23 anayemsogelea mzee wa miaka 70 na kusema “Shikamoo, babu, mimi naitwa Rehema, niko nawe mpaka saa mbili usiku” ametumia sekunde tano, na mzee amejua mambo matatu: anaheshimiwa, amwite nani, na mpaka lini. Linganisha na “Wewe mzee, geuka huku.”

Lakini hata heshima inahitaji kuulizwa. Katika nchi zetu kila mwanamke mtu mzima huitwa mama, na kwa kawaida ni neno la upendo. Kwa aliyepoteza mimba usiku wa kuamkia leo, kuitwa mama mbele ya wodi nzima ni kisu. Muuguzi mzoefu huuliza mapema, kwa sauti ya chini: “Ungependa nikuiteje?”

Baada ya jina linakuja swali, na swali zuri huokoa maisha. Chukua bibi mwenye kisukari anayekabidhiwa vidonge kwenye dirisha la dawa. Anaelezwa haraka, anaitikia “ndiyo, mwanangu,” anaondoka. Kuitikia si kuelewa; kwa wengi ni adabu tu. Wauguzi waliofundishwa vizuri humwomba mgonjwa aeleze yeye, tena wakijitwisha wao mzigo ili asione anapewa mtihani.

“Bibi, nimeongea haraka sana. Hebu niambie, ukifika nyumbani utazimezaje, nione kama nimekueleza vizuri.”

“Kimoja asubuhi na kimoja jioni, mjukuu wangu.”

“Na asubuhi unakunywa chai na nini?”

“Asubuhi sili. Mwezi huu nafunga.”

Hapo ndipo penye siri yote. Baadhi ya vidonge vya kisukari, glibenklamidi kikiwemo, humezwa pamoja na chakula kwa sababu vinaweza kuteremsha sukari hadi mgonjwa akatokwa jasho, akatetemeka, hata akazirai. Bibi hakuficha chochote, hakuna aliyemuuliza. Muuguzi aliyeuliza anaweza kumrudisha kwa daktari leo leo, wapange upya dawa na saa za futari na daku, au wazungumze kwa heshima kuhusu ruhusa ambayo dini yenyewe inampa mgonjwa. Asiyeuliza atampokea bibi huyo usiku akiwa hajitambui, na kwenye faili itaandikwa kwamba hafuati maelekezo.

Ukubwa wa swali kama hilo ulionekana Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Insulini hutakiwa kuhifadhiwa kwenye friji, na katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley familia nyingi hazina friji. Kwa hiyo wagonjwa wa kisukari walilazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa sindano, kwa miguu, juani, iwe mtu ana watoto wadogo au ana kibarua. Badala ya kuwalaumu wanaokosa, watu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walienda kupima joto ndani ya nyumba zenyewe, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chuo Kikuu cha Geneva kikaiweka insulini katika mabadiliko hayo hayo ya joto maabarani, kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba nguvu ya dawa ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa kwenye baridi. Maana yake mgonjwa angeweza kufundishwa kujidunga na kukaa na dawa yake nyumbani. Miaka yote ile ratiba ilikuwa imepangwa kulifuata friji, si kumfuata mtu.

Maumivu nayo yana historia yake Afrika Mashariki, na ni historia ya kujivunia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kuwahudumia wenye saratani na UKIMWI waliokuwa wakifa kwa maumivu makali majumbani. Dawa yao ilikuwa mofini ya maji, ya kunywa, ya bei ndogo. Tatizo lilikuwa mwandikaji: madaktari wachache, vijiji vingi. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni na kuwaruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa makubwa, kuandika mofini wenyewe, na hutajwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Dawa ikamfuata mgonjwa kijijini pamoja na mtu anayejua kuitumia.

Na namna ya kuyapima maumivu hayo ikatafutiwa njia inayowafaa watu wa huku. Kumwambia mzee asiyesoma ataje maumivu yake kwa namba kutoka sifuri hadi kumi mara nyingi huishia kwenye kimya. Chama cha Huduma Shufaa Afrika, chenye makao yake Kampala, kiliandaa dodoso ambalo mgonjwa anaweza kulijibu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vyote vitano vikifunguka, hayavumiliki. Dodoso hilo lina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya ndugu anayemuuguza, na humo anaulizwa pia kama amepata mtu wa kumwambia yanayomsumbua na kama roho yake ina utulivu. Mtu aliyeishiwa sauti bado anaweza kufungua kiganja.

Hao ndugu wameingizwa humo kwa sababu ya msingi. Kiswahili chenyewe hakijawahi kutenganisha kazi ya muuguzi na ya familia: anayelala pembeni ya kitanda cha mama yake, akimlisha uji na kumwosha, husema “namuuguza mama.” Lakini hospitali nyingi zimemweka mtu huyo nje ya geti, akisubiri saa za kutazama wagonjwa na kikapu chake. Zamani ilionekana ni usafi na nidhamu. Ushahidi wa miaka ya karibuni unasema vingine.

Ushahidi mzito umepatikana kwa watoto njiti. Desturi ilikuwa mtoto mwenye uzito mdogo awekwe kwenye mashine ya joto mpaka atengemae, ndipo mama apewe ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ile huduma iitwayo kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Shirika la Afya Duniani likajaribu kuugeuza mpangilio katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya Tanzania ikiwa Muhimbili. Mama alihamishiwa ndani ya wodi ya watoto mahututi, akapewa kitanda chake, na mtoto mwenye kilo moja hadi pungufu kidogo ya 1.8 akawekwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Vifo katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa asilimia 25 ukilinganisha na utaratibu wa kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima wengine. Kwa miaka mingi mama alikuwa amewekwa upande wa wageni, kumbe alikuwa sehemu ya tiba.

Shirika hilo hilo linapendekeza kila mwanamke anayejifungua awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe. Mkoani Kigoma shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo hilo katika vituo vya serikali kati ya mwaka 2016 na 2018, na akina mama wakaja na mama zao, dada, mawifi na jirani. Kizuizi kinachotajwa mara nyingi kwa hatua kama hii ni kitu kidogo kabisa: wodi haina mapazia, na mwenza wa mmoja atamwona mwingine akiwa utupu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri, kwamba penye uhaba wa vitanda na dawa staha ingoje. Mahakama Kuu ya Kenya haikukubali. Machi 2018, mjini Bungoma, iliamua kesi ya mama aliyefika katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatakiwa kununua pamba na dawa kwa fedha zake, akakosa kitanda na kujifungua sakafuni. Alipozinduka alikuwa akipigwa kofi na kuamriwa abebe kondo lake la nyuma mwenyewe. Aliyekuwepo alichukua video, na nchi nzima ikaona. Mahakama ilisema haki zake za afya na utu zilivunjwa, ikaamuru aombwe radhi rasmi na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Lawama haikuishia kwa wauguzi. Serikali ya taifa na ya kaunti zilitajwa pia, kwa kushindwa kutoa vifaa na kusimamia sera ambazo zenyewe zilizitangaza.

Hilo ni muhimu kusemwa wazi, kwa sababu kumlaumu nesi ni rahisi mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani kote na upungufu wa milioni 5.9, mwingi wake ukiwa katika nchi maskini, Afrika ikiwemo. Muuguzi aliye peke yake usiku na wazazi kadhaa wanaomwita kwa wakati mmoja, hajala tangu mchana, glavu zimekwisha, mshahara umechelewa, ana subira ya mtu na si ya malaika. Kofi halina udhuru hata hivyo. Lakini anayetaka kofi likome lazima amtazame na anayelipiga.

Mradi wa Staha ulilielewa hilo. Huko Korogwe wenye mradi hawakuja na semina ya adabu na vyeti. Walikaa na wahudumu, viongozi na wanajamii, wakakubaliana kwa maandishi juu ya wajibu wa kila upande, mgonjwa naye akiwa na wake. Kisha watu wa hospitali wenyewe wakachagua cha kubadilisha. Waliweka mapazia. Mapokezi ya wajawazito yakahamishiwa kwenye chumba chenye faragha. Orodha ya dawa zilizopo na zisizopo ikabandikwa ukutani, ili mama anayeambiwa akanunue nje ajue hadanganywi. Akina mama wakawa wanaulizwa maoni wanapotoka, na mhudumu aliyelalamikiwa anaitwa kuzungumza.

Wakaongeza jambo moja ambalo lingeweza kupita bila kuonekana: chai kwa wauguzi walio zamu.

Kikombe cha chai hakimalizi uhaba wa wauguzi, wala pazia halizibi pengo la dawa. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, baada ya kulinganisha na Muheza ambako mabadiliko hayo hayakufanyika, yalionesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa asilimia 66. Hakuna jengo jipya lililojengwa kwa ajili hiyo. Anayefikiri staha ni ghali na aanze na kitambaa cha pazia.

Msomaji naye ana sehemu yake, kwa sababu wengi watasoma haya kama wagonjwa au wenye kuuguza. Kenya ina Mkataba wa Haki za Wagonjwa tangu mwaka 2013, na vituo vingi vya Tanzania vimebandika mkataba wa huduma kwa mteja ukutani. Usome ukiwa kwenye foleni. Muulize muuguzi jina lake na umpe lako. Kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa, rudia kwa mdomo wako namna utakavyozitumia, hata kama hukuombwa. Sema kama unafunga, kama huna friji, kama nyumbani chakula huliwa mara moja kwa siku. Ukihudumiwa vizuri, mshukuru aliyekuhudumia, bosi wake naye akisikia. Na ukitendewa vibaya usingoje ufike kwenye mkeka wako nyumbani ndipo useme: andika, weka kwenye sanduku la maoni, mwombe msimamizi wa zamu akusikilize, siku hiyo hiyo, kabla hujavuka geti.